Programu ya Mzee Owuor na Kijiti cha Merigi

Vijana wangu, hapa Siongiroi watu hawajui nilifanya kazi gani. Tangu nistaafu wameniletea redio, pasi na simu zilizoanguka kwenye ndoo za maziwa. Siku moja ya soko mzee mmoja alinibebea mzani wa kupimia mbuzi kwa sababu, alisema, nilikuwa mtu wa kompyuta kule kiwandani. Niliutazama, nikatoa mavi ya mbuzi yaliyokuwa yamekwama ndani, ukafanya kazi. Kuanzia hapo jina langu limekua kuliko vyeti vyangu vyote.

Ni nyinyi tu mnaojua kidogo. Mnakuja na laptop zenu mgongoni, mnakaa barazani kwangu, mnamaliza umeme wangu na mazungumzo yangu, nami nafurahi kwa sababu nyumba ya mstaafu huwa kimya mno. Wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji lakini ndiye anayeweka sukari kana kwamba ametumwa na kiwanda cha sukari, aliniuliza swali.

"Madam," alisema, "hii baitikodi tunasoma ya nini na kuna programu ya kuirudisha? Si unaipea tu faili inakutemea kila kitu?"

Nilicheka, nikamwambia nitamwandikia, maana jibu ni refu na chai yangu ilikuwa inapoa. Basi jibu ni hili. Someni nyote, na yeye asome mara mbili.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiwandani kwetu, kile kiwanda cha wakulima wadogo kilichoko mpakani mwa Kericho na Bomet, tulikuwa na majina yetu. Programu kama ilivyoandikwa na mtu, yenye maneno unayoweza kusoma, tuliita mbichi. Programu ikishageuzwa kuwa amri fupi fupi za mashine, hiyo baitikodi mnayoikimbia, tuliita iliyopikwa. Ukiwa na mbichi unaweza kupika wakati wowote. Ukiwa na iliyopikwa peke yake, kurudi nyuma ni kazi, na ile programu inayojaribu kurudi nyuma tuliita kirudishi. Majina haya aliyaleta Mzee Owuor, ambaye hakuna kitu alichokitazama bila kukifananisha na jani la chai.

Mzee Owuor alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaanza kazi kwa kutandaza majani kwenye vitanda vya kunyaushia. Wasiojua: jani likitoka shambani limejaa maji, haliwezi kusagwa hivyo hivyo. Linatandazwa kwenye kitanda kirefu cha wavu, feni inapuliza hewa kutoka chini mpaka jani linyauke vizuri. Likinyauka kidogo mno, chai inakuwa chungu ya ovyo. Likinyauka kupita kiasi, linakauka na chai inakuwa maji ya rangi tu. Yeye alikaa kwenye chumba kile mpaka akawa msimamizi wake, na kompyuta zilipokuja alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuuliza watu bila aibu. Ndiye aliyeandika programu ya kuendesha feni zetu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamishwa kutoka kupiga chapa kwenda ofisi ya kompyuta. Nilidhani atanifundisha mbele ya skrini. Alinipeleka kitandani, akanijaza majani mkononi. "Finya, nyathina," alisema, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Ikikaa kama mpira, iko sawa. Ikilia kwa mkono, umechelewa. Usiandike kitu ya feni kama mkono yako haijui hiyo sauti." Nilifinya majani asubuhi nyingi mpaka vidole vikawa vyeusi, na kanisani nikawa naficha mikono. Leo hii namshukuru. Kila programu mbaya niliyowahi kuiona iliandikwa na mtu ambaye hakufinya chochote.

Sasa, Mzee Owuor alikuwa mpole kwa watu lakini mkali kwa feni. Vijana wa zamu waligundua kwamba ukifungua ile programu mbichi na kubadilisha namba, feni zinafanya kazi haraka na zamu inakwisha mapema. Walifanya hivyo, wakaunguza majani, wakakana kwa viapo vya Biblia. Mzee hakugombana nao. Aliipika programu, akaacha iliyopikwa peke yake kwenye kompyuta ya feni, na mbichi akaondoka nayo kwenye laptop yake. Akawaambia wale vijana wafungue sasa wasome. Walifungua, wakakuta takataka za alama, wakafunga.

Mnaona hatari iko wapi. Yeye hakuiona, na sisi pia hatukuiona.

Alipostaafu alihama na vyombo vyake vyote kwenye lori. Laptop aliiweka chini ya godoro ili isigongwegongwe. Mvua iliwakuta njiani karibu na Fort Ternan, na mnajua godoro linavyofanya likinyeshewa. Lilikunywa mvua yote ya Kipkelion, likaidondosha juu ya laptop taratibu mpaka walipofika. Mama Atieno, mkewe, alituambia kwamba waliianika juani siku nzima pamoja na mtama. Mtama ulikauka.

Hatukuwa na wasiwasi kwa sababu kompyuta ya feni ilikuwa inaendelea. Halafu ikazeeka. Mpya ilipoletwa ilikuwa na Python ya toleo jingine, na iliyopikwa ya toleo la zamani haiendeshwi na toleo jipya. Andikeni hilo mahali, ni la kwanza. Baiti za mwanzo kabisa za faili iliyopikwa zinakuambia ilipikwa na toleo gani, na kama hujazitazama hizo usiguse nyingine. La pili: katika lile toleo letu amri nyingine ni baiti moja na nyingine ni tatu. Ukianza kuhesabu vibaya mahali pamoja, yote yanayofuata yanakuwa uongo, na ubaya wake ni kwamba ni uongo unaosomeka. Kuna asubuhi nilisoma ukurasa mzima nikishangaa kwa nini Mzee anajumlisha joto na jina la kituo. Hakuwa anajumlisha. Nilikuwa nimeruka baiti.

Kijana mwenzangu wa ofisi, Kiprono, mtu wa furaha aliyekuwa akiimba hata akitafuta hitilafu, alipata kirudishi kwenye mtandao. Kilitengenezwa na watu wa kujitolea huko ng'ambo. Tulikipa faili ya Mzee, kikatutemea programu mbichi, safi, yenye majina yake yale yale, maana majina hubaki. Yanayopotea ni yale maelezo ambayo mtu hujiandikia pembeni, kwamba hapa nilifanya hivi kwa sababu hii. Mashine haiyahitaji, kwa hiyo haiyaweki. Tuliipika upya kwa toleo jipya, feni zikazunguka, meneja akatununulia soda. Ilikuwa majira ya mvua, kila kitu kimelowa, na chai ilitoka nzuri.

Mvua ikakatika. Jua la mwanzo wa mwaka likaanza, lile linalofanya barabara ya Merigi iwe unga. Ndipo matatizo yakaja, na yote yalikuwa ya kituo kimoja cha kununulia majani.

Merigi ilikuwa mbali kuliko vituo vyetu vyote. Lori lilikusanya majani huko mapema na kufika kiwandani likiwa la mwisho. Mwonjaji wetu, yule anayefyonza chai kwenye vikombe vyeupe na kuitema, alianza kusema chai ya Merigi imekufa. Siku moja, siku nyingine, tena na tena. Kukawa na mikutano. Ikasemwa kwamba watu wa Merigi wanachanganya majani mazee, kwamba wanakalia magunia, kwamba mmoja alionekana akilalia majani kivulini. Magunia yao yakaanza kurudishwa pale pale kituoni. Mwisho kamati ya kiwanda ikapanga kukutana kuamua kama lori liache kabisa kwenda Merigi. Niliuliza kama inawezekana ni kitu cha kwetu. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinijibu kwa upole.

"Rael, feni haijui jani imetoka kwa nani. Kompyuta haibagui. Majani ndiyo mbaya."

Hata mimi niliona ni kweli. Nilitumwa Merigi kwa shughuli nyingine, kukagua kama saa ya mzani wao iko sawa, kwa sababu ule muda wa kupima ndio uliotumiwa na programu ya feni kujua jani limekaa njiani kiasi gani. Saa ilikuwa sawa. Nilikuwa nafunga mkoba wangu mama mmoja mzee aliponijia, kikapu mgongoni kikiwa kitupu, akaniamkia kwa Kiswahili. Mimi ni Mkipsigis kama yeye, lakini alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho zamani, na mtu wa ofisi kwake ni mtu wa Kiswahili hata akizaliwa jirani. Kila mtu alimwita Kogo Tapkigen; kogo ni nyanya kwa Kikipsigis.

"Wewe ndiye wa kiwanda?" aliuliza.

Nilisema ndiyo, nikijua kinachokuja.

"Wanasema mimi nachanganya majani mzee. Sawa. Sasa mbona majani yangu ni mbaya siku ya jua peke yake? Mvua ikinyesha wanachukua. Jua ikitoka, mimi ni mwizi. Mtu anakuwa mwizi kwa sababu ya jua?"

Nilimtazama karani wa kituo, naye akatikisa kichwa kwamba ni kweli, siku za mvua majani hayakurudishwa hata mara moja. Katika mikutano yote ile hakuna aliyekuwa amesema jambo hilo. Kogo hakungoja jibu. Alinitaka nikaone shamba lake kwa macho yangu, kwa hiyo nikamfuata na viatu vyangu vya ofisi.

Niwaambie kitu ambacho watu wengi kiwandani hawakujua. Nilikuwa nimefanya kazi ya chai karibu maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kuchuma hata jani moja. Sisi wa Siongiroi ni watu wa ng'ombe na mahindi. Shamba la chai nililijua kwa kulipita tu.

La Kogo lilikuwa limechumwa sawasawa, meza yake, yaani uso wa juu wa miche, imenyooka, mpaka katikati ya mstari mmoja. Hapo kulikuwa na kijiti kimechomekwa juu ya mche, cha mti wa kawaida, kimekauka. Upande huu wa kijiti chai ilikuwa fupi. Upande ule ilikuwa imeanza kupanda juu, majani yamekomaa na kukoza rangi. Chai isipochumwa haikai ikikungoja, inarudi kuwa mti.

Nilimuuliza kijiti ni cha nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mlango ni wa nini.

"Ya kurudi," alisema. "Mtu akiitwa katikati ya mstari, anaweka mti hapo. Si lazima arudi yeye. Anaweza kuja mtoto, anaweza kuja jirani anatoka mstari ingine. Akifika hapa anajua: hapa ndiyo mahali ya kuingilia. Bila hiyo, mmoja ataanza mbele, mmoja ataanza nyuma, na kila mtu ataapa ako sawa."

Alikuwa amekiweka siku alipoitwa kituoni kuambiwa gunia lake limerudishwa. Hakuwa amerudi kwenye mstari ule tena. Mwanawe alikuwa amekwisha kuongea na watu wa kung'oa chai, wangoje tu kamati iamue, wapande mahindi. Miche ile aliipanda na marehemu mumewe walipokuwa vijana, wakichota maji ya kumwagilia kwa mitungi kutoka bondeni. Nilimuuliza kwa nini basi asikitoe kijiti, kama mambo yamekwisha.

"Nikitoa, nimesema nimemaliza," alijibu. "Na mimi sijamaliza."

Wanangu, nililia. Si palepale, ni kwenye pikapu ya kiwanda tukirudi, na dereva akajifanya anatazama barabara. Nililia kwa sababu ya mama yule, halafu nikaacha kulia kwa sababu nilianza kufikiri.

Siku ya jua peke yake. Katika programu ya Mzee Owuor kulikuwa na maswali mawili karibu karibu. La kwanza: je, jani limelowa? Kama ndiyo, washa hewa moto. La pili: je, jani limekaa sana njiani? Kama ndiyo, punguza muda wa feni, maana jani la mbali hunyauka lenyewe kwenye lori. Katika programu iliyorudishwa, swali la pili lilikuwa limewekwa ndani ya la kwanza. Yaani mashine iliuliza habari za safari pale tu jani lilipokuwa limelowa. Jani la mbali likija kavu, halikuulizwa kitu, lilipigwa feni muda wote kama jani la jirani. Na ni Merigi peke yake iliyokuwa mbali kiasi hicho. Feni ilikuwa inabagua bila kujua.

Lakini je, hilo lilikuwa kosa la kirudishi, au ndivyo Mzee alivyoandika? Ilisomeka vizuri namna zote mbili. Nilimpigia simu. Alifurahi sana kunisikia, akaniuliza habari za watu wote kwa majina, kisha akaguna.

"Nyathina, hiyo nilibadilisha mara nyingi," alisema. "Kuna wakati niliiweka ndani, kuna wakati niliiweka nje. Ile iliyobaki ni gani, kusema ukweli sikumbuki. Uliza ile iliyopikwa. Hiyo haina namna ya kudanganya."

Nililipenda sana jibu lile, na bado nalipenda. Angeweza kusema tu "niliweka nje" ili aonekane hana kosa, nami ningemwamini.

Basi nikaiuliza iliyopikwa. Ndani yake hakuna "ndani" wala "nje". Kuna amri zimepangwa moja baada ya nyingine, na pale penye swali kuna amri ya kuruka: kama jibu ni hapana, ruka mpaka mahali fulani. Mahali pa kutua pamewekwa kwenye ile amri ya kuruka, nyuma huko. Lakini pale pa kutua penyewe hakuna alama yoyote. Kirudishi kinasoma kikienda mbele, neno kwa neno kama mtu anayesoma sentensi, na kikifika pale hakijui kwamba kuna mtu anaingilia hapo. Kwa toleo letu kilikuwa kinakisia swali linaishia wapi. Mara nyingi kilikisia vizuri. Kwa Kogo kilikisia vibaya.

Nilichofanya ni kukiwekea vijiti. Kabla kirudishi hakijaanza kusoma, niliichambua faili yote amri moja moja, nikakusanya kila amri ya kuruka, nikatazama inatua wapi, na pale pa kutua nikachomeka amri ya bandia ambayo mashine haiitumii, inayosema tu: hapa kuna mtu anaingia, anatoka kule. Kisha nikaifundisha sarufi ya kirudishi kwamba swali haliwezi kufungwa mpaka kijiti chake kionekane. Sikubuni jambo jipya duniani, baadaye nilikuta wenzetu wa kujitolea wamefanya hivyo kwa matoleo mengine, la kwetu ndilo lilikuwa limesahaulika. Kiprono alikagua kila hatua yangu na aliacha kuimba, ndipo nikajua naye ana hofu. Kamati ilikuwa inakaribia.

Tulipoendesha upya, maswali mawili yalitoka yakiwa yamesimama kila moja kwa miguu yake. Mzee alikuwa ameliweka la pili nje.

Hatukushangilia, tulikuwa tumeshangilia mapema mara ya kwanza. Hili ni la tatu la kuandika, na ndilo kubwa: ukirudisha programu, ipike tena kwa toleo lile lile la zamani, halafu linganisha iliyopikwa yako na ya mwenyewe, amri kwa amri. Programu ikikubali kuendeshwa haina maana kwamba ni sahihi, ina maana tu kwamba haijalalamika. Tuliipika ile ya kwanza, ikatofautiana na ya Mzee palepale penye kuruka. Tukapika ya pili, ikalingana mwanzo hadi mwisho. Kiprono akaanza kuimba tena.

Meneja alisikiliza kila kitu mikono ikiwa mfukoni. Hakubishana. Alisema tu kwamba kamati haitaelewa mambo ya kuruka na kutua, itaelewa kikombe. Lori la Merigi lilipofika siku ya jua kali, aliamuru mzigo ule ule ugawanywe kwenye vitanda viwili, kimoja kwa programu iliyokuwepo na kingine kwa hii mpya. Mwenyewe alikuja kufinya. Jani la kitanda cha kwanza lililia mkononi mwake. La pili lilikaa kama mpira. Akanipa nami nifinye, ingawa alijua nimeshaona. Siku iliyofuata mwonjaji alipewa vikombe viwili bila kuambiwa lolote. Kimoja alikitema upesi. Kingine alikifyonza mara ya pili, akauliza ni cha kituo gani.

Kamati ilikutana kama ilivyopangwa, na lori la Merigi halikusimamishwa. Meneja alisimama akawaomba radhi watu wa Merigi mbele ya wote, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena katika kazi yangu yote. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Masahihisho ya vijiti niliyatuma kwa wale wa kujitolea, wakayapokea, wakanishukuru kama tunafahamiana. Nimefanya kazi na watu wema wengi kuliko ninavyostahili, wengine sijui hata sura zao. Mzee Owuor nilimsomea programu yake yote kwenye simu, mstari kwa mstari, naye akawa anaitikia kama mtu anayesomewa barua ya mtoto wake. Mwishoni alisema kuna namba moja angeibadilisha. Nilikataa kumsikiliza.

Kwa hiyo, wewe wa sukari, programu ya kurudisha iko, itumie. Mimi niliitumia na nitaitumia tena. Ila siku moja itakisia, na ikikisia vibaya atakayelaumiwa atakuwa mtu wa mbali ambaye hata hajui kwamba kuna programu. Siku hiyo lazima awepo mtu anayeweza kusoma iliyopikwa. Nimekukaribisha barazani kwangu ili uwe wewe.

Baada ya kamati nilirudi Merigi, mara hii bila kutumwa na mtu. Nilitaka kumweleza Kogo Tapkigen mwenyewe, na njiani nilijipanga jinsi nitakavyomwambia habari za feni, maswali na kutua. Nilimkuta nyumbani akikamua. Nikamwambia kosa lilikuwa letu, si la majani yake, na kwamba lori litakuja kama kawaida.

Hakuuliza feni ni nini. Alimaliza kukamua, akafunika maziwa, akaingia ndani akatoka na kikapu na turubai la kujifunga kiunoni anapochuma. Alipita mbele yangu mpaka kwenye ule mstari, akasimama penye kijiti. Alikichomoa, akakitupa chini kati ya miche, akaanza kuvunja yale majani marefu yaliyokomaa ili chipukizi zipate nafasi. Mikono yake ilikuwa inakwenda kasi na mashavu yake yalikuwa yamelowa, lakini hakuyafuta.

Nilisimama kando ya mstari. Ndipo akanitazama, akatazama viatu vyangu, akanitazama tena.

"Wewe shika upande ile," alisema. "Majani mbili na ncha yake. Ukiitwa, weka mti."

Nikavua viatu, nikachuma naye mpaka lori likaja.